Je, wajua kwa nini jino la mtu asiye na hela huishia kung'olewa?

Utasikia watu wanasema maskini ana meno mabovu kwa sababu hapigi mswaki, mi hiyo siikubali hata kidogo, wengi wanapiga kila asubuhi kabla hawajatoka, shida kubwa iko kwingine.

Tuanze na sukari. Bakteria wa kwenye ule utando unaoganda juu ya jino wakipata sukari wanatoa asidi, asidi inalainisha jino kwa kama nusu saa hivi, halafu mate yanakuja kurekebisha. Sasa kinachoumiza zaidi ni mara ngapi kwa siku, kuliko hata wingi wa sukari yenyewe. Mtu wa bodaboda anayeshinda juani na chupa ya soda anapiga funda moja moja toka saa nne mpaka saa nane, kila funda asidi inaanza upya na mate hayapati nafasi. Na anakunywa soda na andazi kwa sababu ndo kitu cha bei ndogo kinachokata njaa mpaka jioni, sio kwamba hajui. Watoto nao ndo usiseme, dukani chenji ikikosekana anapewa pipi.

Halafu dawa ya meno. Inayolinda jino ni floridi, WHO, yani Shirika la Afya Duniani, wanasema iwe kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa kila milioni), mkaa na chumvi vitasugua lakini floridi hamna humo. (Wale wa Arusha na Kilimanjaro wenye meno ya kahawia ni kesi nyingine kabisa, maji ya kule yana floridi nyingi kupita kiasi, sio kuoza.)

Hapo kwenye kuoza sasa. Tobo likiwa dogo haliumi, kwa hiyo nani atatoa nauli na kupoteza siku ya kibarua kwa kitu kisichouma? Likianza kuuma usiku mtu anachomeka karafuu, anameza diklopa, maumivu yanatulia wiki mbili, yanarudi. Siku anayoshindwa kabisa kuvumilia tobo limeshafika kwenye mshipa, kuziba kwa kawaida haiwezekani tena, inabidi kutibu mzizi, na hiyo mara nyingi ni kwenda na kurudi na hela ya maana. Kung'oa ni ganzi, koleo, umemaliza, unarudi kazini kesho. Kwa hesabu ya mfukoni wake yuko sahihi kabisa, mi simlaumu.

Fizi ndo wajanja zaidi maana haziumi. Utando usipotoka unakuwa mgumu, ndo ule ugaga, mswaki hauutoi tena mpaka usafishwe hospitali, fizi inavimba na kutoa damu, na wengi wakiona damu wanaacha kupiga mswaki upande ule, yani ndo wanaharibu zaidi. Taratibu mfupa unaoshika jino unaliwa mpaka jino zima kabisa lisilo na tobo linaanza kucheza. Sigara na kisukari vinaongeza kasi.

Ripoti ya WHO ya 2022 inasema watu kama bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na watatu kati ya wanne wako nchi za kipato cha kati.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba kuna njia ya kuziba isiyotaka umeme wala mashine ile ya kupiga kelele, inaitwa ART (kwa Kiingereza Atraumatic Restorative Treatment, sio ile ART ya dawa za UKIMWI), na ilianzia hapahapa Tanzania miaka ya 1980 katikati. Daktari anakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, mara nyingi hata bila ganzi, anaweka simenti maalumu ambayo yenyewe inaachia floridi kidogo kidogo, na tangu 2021 simenti hiyo iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Inafaa tobo likiwa bado halijafika kwenye mshipa, kwa hiyo ukiona doa jeusi kwenye jino la mtoto na bado halijaanza kuuma, ndo muda wa kwenda, na ukifika waulize wana vifaa vya kuziba kwa mkono au wana koleo tu.