Watu 2,400 Waweza Kuisemea Kenya Nzima. Kwa Nini Hawawezi Kuisemea Lamu?

Gazeti likiandika kwamba asilimia fulani ya Wakenya wanaunga mkono jambo fulani, hapo Mkunguni, uwanjani mbele ya Ngome ya Lamu, hakosi mtu wa kusema: "Wamemuuliza nani? Mimi sikuulizwa." Watu hucheka, lakini hesabu iko upande wake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini, na kaunti ya Lamu ilikuwa na 143,920. Hao ni kama watu watatu katika kila 1,000. Kwa uwiano huo, utafiti wa wahojiwa 2,400 unaifikia Lamu yote, kuanzia Kiunga hadi Witu, kwa watu saba.

Hata hivyo, utafiti huo waweza kuwa mzuri kabisa. Usahihi wa kura ya maoni hautokani na ukubwa wa nchi. Unatokana na idadi ya walioulizwa na, zaidi ya hapo, namna walivyopatikana. Ikiwa kila mtu mzima alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, jibu la watu 2,400 litakuwa karibu na ukweli kwa pointi mbili za asilimia juu au chini, mara 95 katika kila 100. Iwe ni Kenya au India, hesabu ni ile ile. Umbali huo wa pointi mbili ndio unaoitwa kiwango cha makosa. Na ukitaka kukipunguza kwa nusu, kuongeza watu mara mbili hakutoshi, yataka mara nne: watu 600 wana kosa la pointi nne, 2,400 wana pointi mbili, na kufikia pointi moja yabidi uhoji 9,600. Ndiyo maana tafiti nyingi huishia kati ya watu 1,000 na 2,500. Kupita hapo ni kulipa nauli nyingi kwa faida ndogo.

Wingi mtupu nao haufai kitu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni mbili. Likatangaza kwamba Alf Landon atamwangusha Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Jarida lilikuwa limechota majina mengi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki mwenye simu na gari hakuwa mwananchi wa kawaida. Isitoshe, waliojisumbua kurudisha karatasi walielemea upande mmoja. George Gallup, mtafiti wa maoni aliyehoji watu wachache mno kuliko hao, alimtaja mshindi sawasawa. Kufikia 1938 jarida lilikuwa limekwisha.

Turudi kwetu. Afrobarometer, mradi unaopima maoni katika nchi nyingi za Afrika tangu 1999, na nchini Kenya tangu 2003, huwa hautawanyi wahojiwa mmoja mmoja. Huchagua kwa bahati nasibu maeneo madogo ya kuhesabia watu, kisha ukahoji watu wanane katika kila eneo. Wahojiwa 2,400 ni maeneo 300 nchi nzima, na fungu la Lamu ni eneo moja tu, pengine lisipatikane hata hilo. Likiangukia Langoni, mtaa wa mjini Lamu, utasikia ya Langoni. Likiangukia Mpeketoni, utasikia wakulima ambao wazee wao waliletwa na mpango wa makazi wa miaka ya 1970. Likiangukia Kizingitini, ni wavuvi. Sasa Lamu ni ipi hapo?

Malindi, katika kaunti ya Kilifi, wana afadhali, ila si sana. Kilifi yote ilikuwa na watu 1,453,787, hivyo wastani wake ni wahojiwa 73 hivi, na kosa la pointi 11 au zaidi. Mtu akikwambia kwamba asilimia 40 ya watu wa Kilifi wamesema hivi, na namba ameitoa kwenye utafiti wa namna hiyo, ukweli waweza kuwa 29, waweza kuwa 51. Na hapo Malindi ni sehemu tu ya kaunti. Ile safu ya "Pwani" kwenye majedwali pia itazamwe vizuri: zaidi ya watu wanne kati ya kila watano wa Pwani wako Mombasa, Kilifi na Kwale. Tana River, Lamu na Taita Taveta tunabebwa na wenzetu.

Haya yote hayaandikwi kwenye kichwa cha habari. Yamo ndani ya ripoti kamili, na hapo ndipo maktaba inapoingia. Gazeti lichukulie kama risiti: linakupa jina la kampuni, tarehe, na namba mbili tatu. Andika hayo matatu kwenye daftari, kisha mwendee mkutubi, iwe ni katika maktaba ya Ngome, maktaba ya umma, au ya Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi. Usimuulize "watu wanaonaje kuhusu rushwa?" Muulize hivi: "Natafuta ripoti ya kampuni fulani, ya mwezi fulani, pamoja na hojaji yake." Swali la kwanza litakuzungusha mchana kutwa. La pili lina jibu.

Ukitafuta mwenyewe kwenye kompyuta, usiandike "kura ya maoni" peke yake, kwa sababu utaletewa kura za katiba za 2005 na 2010 na uteuzi wa wagombea wa vyama vya Tanzania. Ongeza jina la kampuni na mwaka. Ripoti, hojaji na data za Afrobarometer ziko wazi bila malipo, na katika tovuti yao waweza kuchagua nchi, mwaka na swali ukajionea majibu. Kwa tafiti za zamani, hasa za Marekani, hifadhi kubwa ni Roper Center, iliyoanzishwa 1947 na sasa iko Chuo Kikuu cha Cornell. Chuo chako kikiwa kimelipia, utaingia. Magazeti ya zamani yaliyojalidiwa nayo yasidharauliwe. Matoleo ya Taifa Leo ya mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, ukiyafunua kwa mfululizo, yanakuonyesha kampuni gani ilisema nini na lini, jambo ambalo watu hupenda kulisahau matokeo yakishatoka.

Kwa kura za maoni zinazohusu uchaguzi, sheria iko upande wa msomaji. Sheria ya 2012 kuhusu uchapishaji wa kura hizo inataka itajwe nani aliyelipia, nani aliyefanya, lini, watu wangapi walihojiwa na kiwango cha makosa ni kipi. Pia inakataza kuchapisha matokeo yake katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Picha inayozunguka WhatsApp bila hata moja ya hayo, mimi siihesabu kuwa utafiti, hata kama imechorwa kwa rangi za kupendeza.

Ripoti ikishafika mkononi, mimi huanzia nyuma, kwenye kurasa za mbinu. Walihoji ana kwa ana au kwa simu? Kwa simu, sehemu za Basuba na Kiunga zenye mtandao dhaifu hupotea kimya kimya, na kosa linakuwa la ukoo mmoja na lile la 1936. Kuna maeneo yaliyoachwa kwa sababu ya usalama? Ripoti ya kweli huyataja. Wangapi walikataa kujibu au hawajaamua? Kundi hilo likiwa kubwa kuliko pengo la wagombea, basi mshindi bado hajajulikana. Halafu kuna jambo ambalo hata watangazaji hulikosea: kiwango cha makosa ni cha kila namba peke yake, na kosa la pengo kati ya namba mbili hukaribia mara mbili yake. Mwaka 2022 kura nyingi za maoni za mwisho zilimweka Raila Odinga mbele. William Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Pengo la pointi 1.64 hakuna sampuli ya watu 2,000 inayoweza kulibaini. Ila zilikuwepo tafiti zilizoonyesha pengo kubwa kuliko hilo, tena upande wa pili, na hizo hazitetewi na kiwango cha makosa peke yake.

Kisha maneno ya swali. Chukua mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, ambao leseni yake ilifutwa na baraza la kesi za mazingira (National Environment Tribunal) Juni 2019 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Muulize mtu: "Je, unaunga mkono mradi utakaoleta umeme na ajira?" Muulize mwingine: "Je, unaunga mkono mtambo wa makaa ya mawe karibu na maeneo ya uvuvi?" Mradi ni ule ule, lakini utapata Lamu mbili. Hojaji ndiyo itakayokuonyesha ni swali lipi liliulizwa, na lilitanguliwa na lipi.

Anayetaka kujua Lamu yasemaje hana njia ya mkato. Ahitaji wahojiwa kama 400 wa Lamu yenyewe, wa visiwa vya Amu na Pate, wa Hindi na Witu kule bara, ili apate kosa la pointi tano hivi. Hiyo ni sampuli kubwa kwa kaunti ya watu 143,920, na ni boti na mafuta mengi ya kuwafikisha wahoji Faza na Kiwayu. Kwa hivyo ukikuta namba ya Lamu ndani ya ripoti ya taifa, tafuta kwanza ukurasa unaosema walihojiwa wangapi huku. Ukiwa haupo, mwombe mkutubi akusaidie kuiandikia kampuni.