Gari la mbio za stoki si gari la dukani

Ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu unasema mbio za stoki (stock car, magari yenye umbo la gari la kawaida) kwenye viwanja vifupi vya mviringo vya Marekani hutumia magari ya kawaida yaliyopakwa rangi, kwa hiyo ligi za mikoa zinazolia gharama zinadanganya.

Si kweli kwa madaraja ya juu. Chini ya bodi kuna fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Milango haifunguki, dereva huingilia dirishani. Taa za mbele ni stika tu. Ukitaka uhakika, zungusha futi kwenye tairi mbili za nyuma: ya kulia huwa na mzingo mkubwa zaidi, pengine kwa sentimita 5. Difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) imefungwa, magurudumu yote mawili huzunguka pamoja, na kona zote ni za kushoto, kwa hiyo tairi ya kulia, inayopita njia ndefu zaidi, lazima iwe kubwa. Tofauti ikiwa ndogo, gari hugoma kukata kona. Ikizidi, mkia huteleza. Tairi laini hupoteza mshiko zikishapata joto mara chache, na hapo ndipo pesa huishia. Timu zikishindwa kununua, magari uwanjani hupungua.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Miaka ya 1940 yalikuwa kweli magari ya dukani, jina likabaki. Tena madaraja ya wanaoanza bado hutumia magari ya barabarani, na picha zao ndizo husambazwa.

Ukiupata ujumbe huo, usiuendeleze. Mwombe aliyeutuma picha ya gari likiwa limevuliwa bodi.