Sio uvivu jamani: kwanini vijana wa visiwani na vijijini wanakuja Mwanza

Mimi ni wa Ukerewe, naishi Igoma hapa Mwanza huu mwaka wa 9, na kila nikirudi nyumbani nasikia maneno yaleyale, kwenye meli, kwenye misiba, eti vijana wa siku hizi wavivu wanakimbia jembe. Hili ndo linaniuma kuliko yote.

Nenda Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, alfajiri, utawakuta vijana wa Ukara, wa Kome, wa Sengerema, wanashusha magunia ya dagaa kwenye maboti, mtu anatembea juu ya ubao mwembamba mzigo uko kichwani na chini ni maji. Mdogo wangu kaifanya hiyo kazi miaka miwili, ilifika mahali shingo haigeuki upande wa kushoto, akitaka kukuangalia anageuka mwili mzima. Huyo nae mvivu?

Ukweli ni ardhi. Baba aliacha ekari 3 na sisi wa kiume tuko 5, baba mkubwa akaja akapima kwa hatua za miguu, mimi nikapata kuanzia kwenye mwembe hadi yale mawe, mihogo ya hapo haitufikishi msimu mwingine hata iweje. Na Ukerewe ni kisiwa, huwezi kusema nisogee mbele nifyeke pori, mbele ni ziwa. Mtu atasema si mkavue? Kuvua unahitaji mtumbwi, nyavu, injini, taa, na kijana hana hata kimoja kwaiyo anaenda kuvua kwenye chombo cha mtu, alafu dagaa wanavuliwa siku za giza, mwezi ukiwa mkubwa mnakaa tu kambini mnakula madeni.

Lingine, wanasema wote wanakimbilia mjini. Sio kweli, wengi niliosoma nao walianzia machimboni huko Geita, wengine kambi za uvuvi kwenye visiwa vya mbali, yani kijiji kwenda kijiji, Mwanza wameifikia baadae sana na wapo ambao hawajaifikia mpaka leo.

Wadada ndo wanasemwa vibaya zaidi, eti wamefuata starehe. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinamweka mtoto wa kike nyuma kwenye urithi. Mahakama Kuu hapahapa Mwanza mwaka 1990 ilimpa haki mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, wakasema ana haki ya kuuza sawa na mwanaume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inamtambua mwanamke sawa na mwanaume kwenye kumiliki ardhi. Lakini siku ile baba mkubwa anapima, dada yetu alikuwa jikoni anawapikia wazee wa kikao, hakuna aliyemuita. Mwaka huohuo akaja Mwanza kufanya kazi za ndani. Angebaki alime wapi?

Kuna wanaosema umeme na barabara vikifika vijana watatulia. Umeme unasaidia kweli, unafungua saluni, unachomelea mageti, sikatai. Ila barabara inapeleka na inarudisha, daraja la Kigongo–Busisi linalovuka ziwa kwenda Sengerema limefunguliwa 2025, kama kilomita 3, watu wa Sengerema waliokuwa wanashinda kwenye foleni ya kivuko sasa wanavuka dakika chache, kijana anakuja asubuhi kutafuta kibarua na jioni akitaka anarudi kwao. Na tangu 2016 sekondari hadi kidato cha nne haina ada, wanaomaliza ni wengi, kazi ya mtu mwenye cheti pale kijijini hamna.

Alafu hili la kwamba tumesahau kwetu. Mvua za mwezi wa 11 zikianza, jirani yangu muuza mitumba anafunga kibanda wiki mbili anaenda kupanda. Na mimi sikutoroka, nilitumwa. Mama aliuza mbuzi wawili, hela akaifunga kwenye ncha ya kanga, akaja kuifungulia gatini Nansio, kwetu Ukerewe, meli ishaanza kupiga honi, akanihesabia mkononi, akaniambia mdogo wenu wa mwisho mwakani anaanza form one, viatu na daftari vitatoka kwako.