Git haijapoteza faili lako

Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili ya mradi, inapogoma na kulalamika kwamba pathspec (yaani njia ya faili) uliyoandika hailingani na faili lolote, wengi huamini faili limefutwa. Wengine hufuta mradi mzima na kuupakua upya, kazi ya bure kabisa, tena ya hatari kama kuna mabadiliko hayajahifadhiwa. Ujumbe ule hausemi faili halipo kwenye diski. Unasema tu kwamba njia uliyoandika haikuangukia kitu chochote.

Mara nyingi tatizo ni mahali ulipo. Git husoma njia kuanzia folda uliyomo, si kuanzia mzizi wa mradi, yaani folda yake ya juu kabisa. Tuseme uko ndani ya src. Amri ya git diff, ya kuonyesha mabadiliko, inakuonyesha src/menu.js, kwa sababu yenyewe huhesabu kutoka mzizini. Unanakili, unaandika git add src/menu.js, na Git inakwenda kutafuta src/src/menu.js! Andika git add menu.js, au git add :/src/menu.js, ile :/ huilazimisha ianzie juu.

Angalia na herufi: kwenye Linux, Menu.js na menu.js ni mafaili mawili tofauti.

Nayo git restore, amri ya kurudisha faili lilivyokuwa, hulikataa faili ambalo hujawahi kuliingiza kwa git add, hata kama unaliona kwa macho. Amri ya git ls-files itakuorodheshea mafaili ambayo Git inayafuatilia. Kosa likitokea unapohamia tawi (branch, mkondo wa kazi ndani ya mradi) kwa git checkout, huenda tawi lenyewe halijafika kwenye kompyuta yako. Anza na git fetch.