Kingamwili mahususi za fosfeti ni nini?

Ni kingamwili zinazoshika protini fulani pale tu inapokuwa imebandikwa fosfeti (kikundi kidogo cha fosforasi na oksijeni) mahali maalumu. Fosfeti ikibanduliwa hazishiki tena, ingawa protini ni ileile.

Seli hupokea amri ya kukua kwa njia hiyo ya fosfeti. Kichocheo cha ukuaji kama EGF kikigusa kipokezi chake juu ya seli, protini za ndani huamshana kwa zamu: Ras huamsha Raf, Raf huibandika MEK fosfeti, na MEK huibandika ERK. Kwa binadamu, ERK1 hubandikwa kwenye asidi amino mbili za mnyororo wake, threonini ya 202 na tairosini ya 204, ndipo inapoanza kazi kikamilifu. Vimeng'enya vinavyobandika huitwa kinasi, vinavyobandua ni fosfatasi. Utafiti wa mfumo huu wa kubandika na kubandua fosfeti uliwapatia Edmond Fischer na Edwin Krebs Tuzo ya Nobel mwaka 1992.

Yote hayo hutokea ndani ya dakika chache, lakini ukipima kiasi cha ERK utakikuta kilekile. Uzito nao hausaidii sana, kwani fosfeti moja huongeza daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 80 hivi kwenye protini yenye zaidi ya 40,000.

Ndiyo maana kingamwili hizi zinahitajika. Ili kuzipata, sungura huchanjwa kipande kifupi cha protini chenye fosfeti. Damu yake hutoa mchanganyiko, na baadhi ya kingamwili hushika kipande hicho hata bila fosfeti. Kwa hiyo hupitishwa kwenye safu, yaani mrija wa kuchujia, yenye kipande kisicho na fosfeti: zisizochagua hunasa humo, zinazotakiwa hupita. Kwangu mimi, ubora wote uko kwenye hatua hii.

Maabarani, haraka ni muhimu. Seli zikishapasuliwa, fosfatasi huendelea kubandua, kwa hiyo sampuli hukaa kwenye barafu pamoja na vizuizi vya fosfatasi kama floridi ya sodiamu. Kisha protini za sampuli huhamishiwa kwenye utando, na nafasi tupu za utando huzibwa ili kingamwili zisinate ovyo. Wengi huepuka kuuziba kwa maziwa, kwa kuwa kaseini, protini yake, ina fosfeti, wakatumia albumini ya ng'ombe.

Halafu kuna kusoma matokeo, ambako makosa ni mengi. Kingamwili zikishika protini kwenye utando, huonekana mstari. Mstari mzito wa ERK yenye fosfeti hautoshi. Huenda protini yenyewe ndiyo imeongezeka. Pima pia ERK yote, yenye fosfeti na isiyo nayo, kwenye sampuli zilezile. Sampuli moja itie fosfatasi makusudi: mstari usipofifia, kingamwili hiyo haioni fosfeti.