Bakteria wa shimo la baiogesi wanazitua wapi elektroni zao?

Mbona shimo limejaa samadi na jiko haliwaki? Hilo ndilo swali ninaloulizwa zaidi na wafugaji wenye mitambo ya baiogesi. Jibu fupi ni kwamba mtambo umechacha. Jibu refu, ambalo ndilo fani yangu, linahusu elektroni na jinsi bakteria wasiotumia oksijeni wanavyohangaika kuzitafutia pa kwenda.

Wengi hudhani taabu ya kuishi bila hewa ni njaa. Sivyo. Ndani ya shimo chakula ni tele: nyuzi za majani, wanga, mafuta, protini. Kukifikia nako si kazi kubwa sana. Bakteria wana vimeng'enya vinavyofanya kazi nje ya seli, kama selulesi, ambavyo huikatakata selulosi ya majani mpaka ibaki sukari ndogo inayoweza kuingia ndani. Wengi wao walikuja na kinyesi chenyewe kutoka tumboni mwa ng'ombe, ndiyo maana samadi mbichi inaweza kuuanzisha mtambo bila kununua dawa yoyote. (Ukiuziwa chupa ya "kianzishio", uliza kwanza ina nini.)

Ugumu unaanza sukari ikishaingia. Kuvunja glukosi moja kuwa vipande viwili viitwavyo piruvati kunaipatia seli ATP 2, yaani molekuli mbili za kubebea nishati. Katika kuvunja huko elektroni hutolewa na kupakiwa kwenye molekuli iitwayo NAD. Seli ina NAD chache, kama njia yenye daladala chache: abiria wasiposhushwa, gari halirudi kupakia wengine, na kituo kizima kinakwama. Sisi binadamu abiria hao tunawashusha kwenye oksijeni, na kwa kufanya hivyo glukosi ileile inatupa ATP zipatazo 30. Bakteria wa shimoni hana kituo hicho.

Mtazame Clostridium, mmoja wa bakteria hao. Piruvati yake huipeleka kwenye kimeng'enya chenye chuma na salfa, ambacho huiondolea kabonidayoksaidi, kikabakiza kipande kidogo zaidi kiitwacho asetili-CoA, na elektroni kikazikabidhi kwa protini ndogo iitwayo ferredoksini. Asetili-CoA bado ina nishati ya kutosha kutengeneza ATP nyingine. Kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa asetili-fosfati, kisha kingine, asetati kinesi, huihamishia fosfati hiyo kwenye ADP, nayo ikawa ATP. Kinachobaki ni asetati, yaani asidi ya siki. Ferredoksini nayo hupeleka mzigo wake kwa kimeng'enya kiitwacho hidrojenesi, na hapo elektroni mbili huungana na protoni mbili zikawa gesi ya hidrojeni, inayotoka nje ya seli.

Hidrojenesi hii inanishangaza hadi leo. Kiini chake ni atomu mbili za chuma zilizoshikwa na kaboni monoksaidi na sianidi. Ya kwanza ni gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Ya pili ni sumu ileile inayotufanya tuloweke mihogo michungu. Bakteria huvitengeneza vyote viwili mwenyewe na kuvifunga pale pale kiini kinapovihitaji. Kimeng'enya kimoja huweza kutoa maelfu ya molekuli za hidrojeni kwa sekunde, lakini oksijeni ikikigusa, kiini kinaharibika.

Sasa njoo kwenye hesabu. Ferredoksini hutoa hidrojeni bila shida. NAD haina msukumo huo: elektroni zake hugeuka hidrojeni pale tu hidrojeni iliyokwisha kutoka inapokuwa kidogo sana. Ikiwa kidogo, Clostridium huweza kugeuza piruvati zote kuwa asetati na kuvuna hadi ATP 4 kwa glukosi. Ikijaa, hulazimika kuunganisha asetili-CoA mbili kuwa asidi nyingine, butirati, ili NAD zipate pa kushusha, na mavuno hushuka hadi ATP 3. Kwa hiyo mapato ya bakteria huyu yanategemea nani aliye jirani anaiondoa hidrojeni.

Jirani huyo ni arkea wa methani, kiumbe mdogo wa seli moja. Si bakteria; tangu kazi ya mwanabiolojia Carl Woese ya mwaka 1977 tunamweka kwenye kundi lake. Huchukua hidrojeni na kabonidayoksaidi akatengeneza methani, gesi inayowaka jikoni, hatua ya mwisho ikifanywa na kimeng'enya chenye nikeli. Wengine wa kundi hilo hula asetati, na kwa kawaida methani nyingi zaidi ya mtambo hutoka huko. Katikati ya wavunja sukari na arkea hawa wapo bakteria wanaoishi kwa kuvunja butirati na asidi nyingine iitwayo propionati, kazi ambayo kwenye hidrojeni nyingi hula nishati badala ya kuitoa. Mwaka 1967 mwanabiolojia Marvin Bryant na wenzake walionyesha kwamba kiumbe kilichodhaniwa kuwa kimoja, kinachogeuza pombe kuwa methani, kilikuwa viumbe viwili: mmoja anatoa hidrojeni, mwingine anaila.

Turudi shimoni. Mtu anamwaga ndoo za pumba, maganda ya ndizi na ugali uliolala. Wanga huvunjwa upesi, na wavunjaji wake huzaliana kwa saa, ilhali walaji wa hidrojeni na asetati huzaliana kwa siku. Hidrojeni inajaa, butirati na propionati zinalundikana, pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) inashuka chini ya 6.5, na arkea wanazidi kulemewa. Unasikia harufu ya siagi iliyoharibika: hiyo ni butirati. Gesi inaendelea kutoka, ila sehemu kubwa ni kabonidayoksaidi, na kiberiti kinazimika.

Ukifika hapo, acha kulisha kwa siku kadhaa. Pima kwa karatasi ya pH badala ya kubahatisha. Chokaa husaidia ikitiwa kidogo kidogo, lakini haiongezi arkea hata mmoja. Samadi mbichi ya ng'ombe, au tope kutoka mtambo wa jirani unaowaka vizuri, ndiyo inayowaleta. Moto ukirudi, anza na samadi na maji nusu kwa nusu, na pumba ziingie baadaye, kopo moja moja.