Je, wajua? Mti wa sindano uani kwako huenda si msindano

Hapa Tabora mjini, mti wowote wenye majani membamba kama sindano wengi tunauita mti wa Krismasi, basi. Juzi mdogo wangu alikuja na vitunda vikavu alivyookota chini ya mti mmoja wa kivuli, akaniuliza: "Kaka, huu ndio unaotoa mbao za paini?"

Jibu lilikuwa kiganjani mwake. Koni ya msindano (ndio mti wa paini), yaani kitunda chake kigumu cha mbegu, imepangwa magamba yaliyolaliana, utadhani mgongo wa kakakuona, na juu ya kila gamba, upande wa ndani, hukaa mbegu mbili. Msindano uliojaa mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, asili yake Meksiko, una koni ngumu zilizopinda kidogo, urefu wa sentimita 5 hadi 10. Hung'ang'ania tawi kwa mafungu na huweza kukaa miaka zimefumba. Msindano wa Karibea, unaovumilia joto zaidi, huangusha koni zake zikishakomaa, na ukizishika vidole vinahisi kimwiba kidogo kwenye kila gamba.

Vya mdogo wangu vilikuwa na sentimita 2 tu, vimeachama vijidomo kama vifaranga wanaodai chakula. Hivyo ni vya mvinje. Mvinje si ndugu wa msindano hata kidogo. Ni mti wa maua, na zile "sindano" zake ni vijiti vya kijani vyenye pingili. Majani yenyewe ni vigamba vidogo mno vinavyozunguka kila fundo. Sindano za kweli hutoka pamoja kwenye kishina kimoja, mara nyingi tatu tatu.

Gome mimi siliamini sana. Miti yote miwili ikizeeka huwa na gome la kahawia lililopasukapasuka, na hapo ndipo watu wanapopotea. Kwa msindano wa Meksiko inua macho: sehemu ya juu ya shina ni nyekundu ya machungwa, inabanduka vigamba vyembamba kama karatasi. Pia, msindano ukijeruhiwa hutoa utomvu unaonata, wenye harufu ya tapentaini.

Tuliurudia ule mti jioni. Mdogo wangu akavuta kijiti taratibu kwa mikono miwili, kikaachia kwenye fundo, pingili moja huku, nyingine kule.